Kurudia Magemu ya Kale ya Mashujaa wa Komiki kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili

Bruce Banner amefungwa mikono na miguu kwenye kiti. Hakuna picha inayosogea wala kitufe cha kurusha ngumi. Chini ya skrini kuna mstari mtupu unaosubiri uandike amri ya maneno mawili. Mwambie asimame, hawezi. Mwambie akate kamba, hana cha kukatia. Amri inayotakiwa ni BITE LIP, ajing'ate mdomo. Maumivu yanamwamsha Hulk aliyemo ndani yake, na kamba hazimwezi tena.

Hilo ni fumbo la kwanza la Questprobe featuring The Hulk, gemu la mwaka 1984 lililotungwa na Scott Adams wa kampuni ya Adventure International ya Florida, Marekani. Kompyuta ya wakati ule isingeweza kuonyesha jitu la kijani likibomoa ukuta kwa namna ya kumridhisha mtu. Palipokosekana picha, likabaki swali la msingi: Hulk ni nani, na anageukaje? Magemu mengi ya mashujaa yaliyotoka kati ya 1984 na 1994 yana ubunifu wa aina hiyo, na ndiyo maana nayapenda na nataka wengine wayacheze.

Tatizo ni kwamba ukiyawasha ovyo yanaonekana mabovu kuliko yalivyo. Shujaa anakimbia kasi isiyofuatika kwa macho, rangi hazieleweki, sauti ni mlio mmoja wa kuudhi, kisha linakuja swali la neno la siri usilolijua. Gemu lenyewe halina kosa. Limeondolewa kwenye mashine yake, skrini yake na karatasi zilizokuja nalo kwenye boksi. Basi kazi yetu ni kulirudishia hivyo vyote, kimoja baada ya kingine.

Kwanza, mashine

Magemu haya yaliandikwa kwa DOS, mfumo wa amri za maandishi uliotumika kabla ya Windows kuenea, na mengi ni programu za biti 16. Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iko kwenye karibu kila laptopu ya leo, haiwezi kuendesha programu hizo kabisa. Ukilibonyeza faili mara mbili utapata ujumbe kwamba haliendani na kompyuta yako. Usihangaike na mipangilio ya Windows, haitasaidia.

Unachohitaji ni DOSBox, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Ndani ya dirisha moja inajifanya kompyuta nzima ya zamani: prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti na DOS yenyewe. Pakua toleo la 0.74-3 kutoka tovuti ya mradi, dosbox.com. Kwenye Linux za jamii ya Ubuntu, andika `sudo apt install dosbox`. Kuna toleo jipya zaidi linaloitwa DOSBox Staging ambalo ni zuri sana, lakini baadhi ya majina ya mipangilio yake ni tofauti, kwa hiyo hapa nafuata lile la kawaida.

Laptopu ya mtumba inatosha. Hata bando halitaisha: flopi moja, yaani diski bapa ya kuhifadhia ya enzi hizo, ilibeba KB 360 au 720, zile za baadaye MB 1.44, na magemu mengi ya mashujaa yalikaa kwenye flopi chache tu. Picha moja ya simu yako ya leo inaweza kuwa kubwa kuliko gemu zima.

Mwenye simu tu anaweza kutumia Magic DosBox ya Android. Kwa magemu ya maandishi inafaa. Kwa magemu ya kupigana, unganisha kibodi ya USB kwa kiunganishi cha OTG, maana kidole kwenye kioo hakitakufikisha mbali.

Kulipata gemu lenyewe

Hapa pana ugumu wa kweli. Gemu la Spider-Man au Batman halikuwa mali ya kampuni moja. Watengenezaji walilipia leseni ya kumtumia shujaa kwa muda. Leseni zikaisha, kampuni kama Ocean ya Uingereza na Paragon ya Marekani zikanunuliwa, na magemu yakabaki bila duka la kuyauza. Anza kutafuta kwenye GOG, duka linalouza magemu ya zamani kihalali yakiwa yameshafungwa pamoja na DOSBox na kijitabu cha maelekezo. Ukikuta flopi halisi kwa mtu au mnadani, fahamu kwamba utahitaji pia kisomaji cha flopi cha USB, na visomaji hivyo husoma flopi za inchi 3.5 tu.

Internet Archive nayo, tangu 2015, ina mkusanyiko mkubwa wa magemu ya DOS yanayochezeka ndani ya kivinjari. Ni njia nzuri ya kuonja. Ila kuwepo kwa gemu mtandaoni hakuondoi hakimiliki yake, na ukifunga ukurasa, hatua uliyofikia inaweza kupotea yote.

Jihadhari na jambo moja. Gemu la mwaka 1989 halihitaji kisakinishi cha Windows cha mamia ya megabaiti. Ukipakua kitu cha namna hiyo, kifute bila kukifungua. Ulichotarajia ni folda ndogo yenye mafaili ya .EXE, .COM au .BAT, au picha za flopi, yaani mafaili yenye nakala ya flopi nzima, yenye mwisho wa .IMG.

Kuwasha

Tengeneza folda `C:\magemu`, na ndani yake folda moja kwa kila gemu. Majina yasizidi herufi nane na yasiwe na nafasi, kwa sababu DOS haielewi zaidi ya hapo. Folda ya gemu la Doctor Doom, nitakalolieleza mbele, kwa mfano, iite `doom`. Kisha fungua DOSBox na uandike:

`mount c c:\magemu`
`c:`
`cd doom`
`dir`

Amri ya kwanza inaipa DOSBox folda yako kama diski C yake. Usiipe C nzima ya kompyuta yako. Kosa dogo la kufuta ndani ya gemu linaweza kugusa mafaili yako. Kwenye Mac na Linux andika `mount c ~/magemu`. Ile `dir` inakuonyesha mafaili yaliyomo. Ukiona SETUP au INSTALL, anza nayo, chagua picha na sauti, kisha ndipo uandike jina la faili la gemu.

Kama gemu liko kwenye picha za flopi, tumia `imgmount a c:\magemu\doom\diski1.img -t floppy` halafu `a:`. Gemu likiomba flopi ya pili, orodhesha picha zote mbili kwenye amri hiyo moja, na ubonyeze Ctrl na F4 kubadilisha.

Vitufe vinne vya kukariri: Alt na Enter kujaza skrini, Ctrl na F10 kuiachilia mausi ikinaswa, Ctrl na F9 kuifunga DOSBox gemu likiganda, na Ctrl na F1 kubadilisha kazi za vitufe. Kwenye laptopu nyingi utalazimika kushika na Fn.

Kasi, mahali ambapo wengi hukata tamaa

IBM PC ya 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 yenye MHz 4.77. Magemu kadhaa ya muongo ule hayakupima muda kwa saa. Yalipima kwa kazi: fanya mzunguko mtupu mara kadhaa, kisha sogeza adui hatua moja. Prosesa ikiwa na kasi mara mia, na adui ana kasi mara mia. Kompyuta zilizofuata ziliwekewa hadi kitufe cha Turbo kwenye kasha, na kazi yake kubwa ilikuwa kuipunguza kasi mashine ili programu za zamani zifanye kazi.

DOSBox inapima kasi kwa kitu inachokiita cycles. Ctrl na F11 hupunguza, Ctrl na F12 huongeza, na idadi huonekana juu ya dirisha. Kwa makadirio, cycles 300 zinakaribia 8088 ya mwanzo, 6000 zinakaribia prosesa ya baadaye ya 386 yenye MHz 33, na 25000 zinakaribia 486 iliyoifuata, yenye MHz 66. Ukijua mwaka wa gemu unajua pa kuanzia. Gemu la 1989 lianze kwenye 1000 hadi 3000, la 1994 kwenye 20000.

Namna ninayopenda ya kupima ni kuangalia kuruka. Mrushe shujaa juu ukiwa umesimama mahali salama. Kama unaona akipanda, anafika kileleni, na unapata muda wa kuamua atue wapi, kasi iko karibu na ile aliyoikusudia mtunzi. Kama yuko chini kabla hujaachia kitufe, punguza. Kama skrini inajichora kipande kwa kipande na vitufe vinachelewa kujibu, ongeza kidogo kidogo. Muziki haukusaidii kupima, kwani mara nyingi huendeshwa na saa na unabaki sawa hata pale mchezo umeharibika.

Ukishaipata kasi, iandike. Tengeneza faili la maandishi, uliite `doom.conf`, uweke haya:

`[cpu]`
`cycles=fixed 2000`
`[render]`
`aspect=true`
`[autoexec]`
`mount c c:\magemu`
`c:`
`cd doom`
`GEMU.EXE`

Badili mstari wa mwisho kulingana na faili lako, kisha uiwashe DOSBox kwa `dosbox -conf doom.conf`. Kila gemu lipate faili lake. Ni kazi ya dakika chache, na hutairudia tena.

Rangi na umbo

Ile `aspect=true` usiiache. Magemu haya yalichorwa kwa nukta 320 kwa 200, lakini skrini za wakati huo zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, kwa hiyo kila nukta ilivutwa kwenda juu kidogo. Kwenye skrini ya leo, bila marekebisho, Captain America anakuwa mfupi mnene na ngao yake ya duara inalala kama yai. Mchoraji hakumchora hivyo.

Gemu likikuuliza aina ya picha, linataka kujua kadi ya picha ya kompyuta: mpangilio wa ubora ni VGA, kisha EGA au ile ya kompyuta za Tandy, na mwisho CGA. VGA ya mwaka 1987 ilionyesha rangi 256 kwa pamoja, EGA rangi 16, CGA rangi 4 tu. Katika seti ya CGA iliyozoeleka zaidi, rangi hizo ni nyeusi, samawati, waridi iliyokolea na nyeupe. Hebu fikiria kumchora Spider-Man hapo: nyekundu haipo kabisa, na buluu yake halisi haipo. Chagua EGA ukiweza. Lakini nakushauri uwashe CGA walau mara moja, uangalie jinsi wachoraji walivyopanga nukta za rangi mbili kwa kupishana ili jicho lione rangi ya tatu isiyokuwepo. Ni ufundi unaoonekana ukisogeza uso karibu na skrini, na mimi huwa nabaki pale nikiutazama kuliko nilivyopanga.

Kama gemu lina chaguo la Tandy, ongeza sehemu ya `[dosbox]` kwenye faili lako na ndani yake `machine=tandy`. Utapata rangi 16 na sauti ya noti tatu kwa pamoja, tofauti kubwa na spika ndogo ya kawaida ya PC.

Sauti

Chagua AdLib au Sound Blaster, kadi za sauti za wakati huo, kwenye SETUP. AdLib ilitoka 1987, Sound Blaster ya Creative ya Singapore ikafuata 1989. Ukiulizwa namba, jibu 220, IRQ 7, DMA 1. Ndivyo DOSBox ilivyopangwa. Gemu la kabla ya 1987 lisilo na chaguo la Tandy kwa kawaida litatumia spika ya PC tu, na hakuna la kubadilisha.

Karatasi za kwenye boksi

Hili ndilo wengi hulipuuza, nami nalihesabu kuwa nusu ya gemu. Ili kuzuia watu kunakili flopi, gemu lilisimama mwanzoni na kukuuliza: ukurasa fulani wa kijitabu, mstari fulani, neno fulani. Asiye na kijitabu haendelei. Kwa hiyo kabla hujaanza, tafuta nakala ya PDF ya kijitabu cha gemu hilohilo na toleo hilohilo. La Amiga au Commodore 64, kompyuta nyingine za enzi hizo, linaweza kuwa na kurasa tofauti. Ukinunua GOG, kijitabu huwa kimo kwenye vitu vya ziada vya kupakua.

Kijitabu hakikuwa kufuli tu. Nafasi ya flopi ilikuwa ndogo mno kubeba maelezo, basi hadithi, orodha ya maadui, hata vitufe vya kupigana vilihamia kwenye karatasi. Kwa mashujaa hilo lilikaa vizuri, kwa sababu karatasi ndiyo nyumbani kwao. Marvel ilichapisha komiki za Questprobe kuambatana na magemu ya Scott Adams. Mfululizo ulipangwa uwe wa magemu kumi na mawili, lakini kampuni ikafilisika baada ya matatu: Hulk, Spider-Man, kisha Human Torch na The Thing. Nalo gemu la Paragon la 1989, The Amazing Spider-Man and Captain America in Dr. Doom's Revenge, lilikuja na komiki ndani ya boksi. Soma komiki kwanza, ndipo ukae kwenye kibodi. Ukianza na gemu utajikuta unapigana na watu usiowajua kwenye vyumba usivyojua umeingiaje.

Uanze na lipi

Kwa mgeni kabisa, Hulk. Halihitaji wepesi wa vidole wala kurekebisha kasi. Lishike daftari mkononi, chora ramani ya kila mahali unapopita, na uandike amri fupi za Kiingereza za kitendo na kitu: GET ni kuchukua, DROP kuacha, EXAMINE kuchunguza, GO kwenda. SAVE GAME huhifadhi. Hifadhi mara nyingi, maana kufa ni rahisi.

Kisha nenda kwa Batman: The Caped Crusader la mwaka 1988, lililotolewa na Ocean. Kwa maoni yangu hakuna gemu la enzi hiyo lililoielewa komiki vizuri zaidi. Kila chumba ni kisanduku cha komiki. Batman anapotoka mlangoni, skrini haibadiliki yote. Kisanduku kipya kinabandikwa juu ya cha zamani, kwa ukubwa na mahali tofauti, na kile alichotoka kinabaki nyuma kimefunikwa nusu. Baada ya kutembea kidogo unakuwa na ukurasa mzima ulioupanga kwa miguu yako. Lina hadithi mbili unazochagua mwanzoni: Penguin anatengeneza jeshi la roboti nyuma ya kiwanda cha miavuli, na Joker amemteka Robin. Anza na Penguin. Hapa pia chora ramani, maana milango inazunguka kuliko unavyodhani, na vitu unavyookota hutumika mbali na ulipoviokota.

Dr. Doom's Revenge lenyewe ni la kupigana mmoja kwa mmoja. Doom anatishia New York kwa kombora la nyuklia, na mashujaa wawili wanaingia kwenye ngome yake kule Latveria, nchi ya kubuni ya komiki, sura moja Spider-Man, sura nyingine Captain America, katikati vipande vya komiki. Ni gumu na mwendo wake ni mzito. Usilianze kabla hujaipatia kasi sahihi. X-Men: Madness in Murderworld, la Paragon na la mwaka huohuo, lina wazo zuri zaidi. Magneto na Arcade wamemteka Profesa X, nawe unaongoza mashujaa sita wenye vipaji tofauti, mmoja mmoja, ukibadilisha kulingana na kikwazo. Ukikwama, usitafute majibu haraka. Jaribu kila mmoja wa sita mbele ya kikwazo kilekile, Nightcrawler hasa.

Halafu, ukiwa umeshazoea, tenga jioni kadhaa kwa Superhero League of Hoboken la 1994. Lilitungwa na Steve Meretzky kwa kampuni ya Legend Entertainment, na mashujaa wake hawakutoka Marvel wala DC. Dunia imeharibika kwa sumu na taka, na jimbo la New Jersey linalindwa na chama cha watu wenye vipaji visivyo na maana yoyote. Kiongozi, Crimson Tape, ana uwezo wa kuchora michoro ya muundo wa ofisi. Captain Excitement huwalaza wanyama usingizi. Iron Tummy hula vyakula vikali bila kuugua. Tropical Oil Man humpandishia adui kolesteroli. Mademoiselle Pepperoni huona kilichomo ndani ya boksi la piza bila kulifungua. Kinachonifurahisha ni kwamba vipaji hivyo vinatumika kweli. Kuna mafumbo, yaliyopangwa kwa umakini, ambayo hufunguliwa na kipaji ulichokicheka saa moja iliyopita. Swali lilelile la Banner kwenye kiti, shujaa huyu ni nani na anaweza nini, limerudi kwa mlango mwingine.

Kwa Hoboken weka VGA, Sound Blaster na cycles 20000. Kama una toleo la CD lenye sauti za waigizaji, liwekee `imgmount d c:\magemu\hoboken\hoboken.cue -t iso` kabla ya kuwasha. Kila umalizapo, nakili folda nzima ya gemu kwenye flashi: michezo uliyohifadhi imo humohumo, na siku laptopu ikifa utaendelea kwenye nyingine kuanzia ulipoishia.